Maharagwe Yangu na Maji ya Bomba Jipya

Mimi nilisoma hadi darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Nalisema mapema ili msomaji asije akanitafutia makosa ya kalamu na kuacha ninalosema. Nilikuja Nairobi kutoka Ukambani nikiwa na mgongo mzuri, na kwa mgongo huo nilibeba magunia ya watu wengine katika soko kubwa mpaka nikajua nafaka kuliko wenye magunia. Lori likishusha, maharagwe humwagika. Mimi nilikuwa nikifagia yale ya chini, nikiyapepeta, nikiyachagua mawe, nikiyauza kwa bakuli kando ya barabara. Hivyo ndivyo nilivyopata kibanda changu. Hakuna aliyenipa. Mjomba sikuwa naye mjini, wala mtu wa kunishika mkono.

Kibanda kilikuwa katika soko dogo la mtaa wetu, upande wa Jericho. Mtaa wenyewe siutaji, maana wengi wa ninaowasema wako hai na wana haki ya kukaa kimya. Ilikuwa miaka ya tisini, vyama vingi vilikuwa vimerudi, na kila mtu aliyevaa tai alikuwa na ahadi mfukoni. Mimi nilikuwa mzee wa maharagwe. Ndilo jina nililoitwa, na lilinitosha.

Maharagwe yana desturi zake sokoni. Mnunuzi anayejua haangalii ya juu. Anaingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, anatoa punje ya chini kabisa, anaiuma. Akiridhika ndipo anasema pima. Unapima kwa gorogoro, ule mkebe wa unga wa kupimia, unajaza mpaka kilima kisimame juu yake. Halafu mnunuzi hafungi mfuko. Anauacha wazi, anangoja nyongeza, kiganja kimoja cha bure juu ya kipimo. Muuzaji asiye na nyongeza hata akiwa na maharagwe ya dhahabu atakaa nayo. Na mimi Mungu amenipa kiganja kikubwa. Watu walikuwa wakija kwangu kwa ajili ya mkono huu, na nilijua hivyo.

Wateja wangu wakubwa walikuwa akina mama wa githeri, yale mahindi na maharagwe yanayochemshwa pamoja. Nyuma ya soko walikuwa na majiko yao na sufuria kubwa nyeusi, wakibandika alfajiri, na mchana wake za wafanyakazi wanakuja na vibakuli kununua githeri iliyochemshwa, wakaikaange wenyewe nyumbani. Mke wa dereva au wa karani hana makaa ya kuchemshia maharagwe nusu siku. Kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa unakula kutoka kwenye zile sufuria.

Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mjane, kutoka upande wa Murang'a, mfupi, sauti kama ya mwalimu mkuu. Alinunua kwa debe, si kwa gorogoro. Alikuwa hatii magadi kwenye githeri yake hata kidogo. Wengine walitia ili iive haraka, lakini magadi huyafanya maharagwe kulegea ngozi na kunuka, na aliyezoea kula anajua. Yeye alikuwa akisema, "Githeri yangu imepikwa na moto na maji, basi." Alikuwa akinitania kwamba sisi Wakamba tunapima maharagwe kama dawa ya hospitali. Nami nikimwambia watu wa kwao wangeweza kuuza githeri na sufuria yake na jiko lake kama mnunuzi angekuwa na haraka. Tulielewana. Akinunua kwangu, wengine wote walinunua kwangu. Akiondoka, wangeondoka. Hilo nalo nilijua.

Sasa maji.

Mabomba ya mtaa yalikuwa ya zamani, yale ya pamoja, bomba moja nje kwa nyumba nyingi. Wakati huo yalikuwa yamezoea kukauka. Akina mama walipanga mitungi foleni, mtungi ukikaa mahali pa mwenyewe kama mtu, na ole wake anayeusogeza. Tulilalamika. Kura zilipokaribia, diwani akasema tutachimbiwa kisima cha mashine. Wengi tulidhani ni maneno ya kura, lakini mashine ilikuja kweli, ikasimama kwenye kiwanja, ikachimba na kutikisa vikombe mezani kwetu, na maji yakaruka. Nilikuwepo siku ya kufungua. Diwani alikunywa glasi nzima mbele ya watu, akajipangusa mdomo, tukapiga makofi. Nilipiga kwa hii mikono ninayoisifu. Maji yalikuwa meupe, baridi, hayana harufu. Wakayaunganisha na tangi la mtaa, na kutoka kwenye tangi yakaja kwenye mabomba yetu yote, la soko likiwa la mwisho kufikiwa. Tuliambiwa ni maji safi. Zaidi ya hapo hatukuambiwa neno.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mke wangu. Alisema sabuni imekataa. Anasugua, povu halitoki, kunatoka vitu vya kijivu kama maziwa yaliyokatika, vinashika kwenye nguo. Nikamwambia abadilishe sabuni. Akabadilisha. Akasema hii nayo imekataa. Nikamwambia anunue kwa duka lingine. Halafu akanionyesha birika, ndani kumeota ukoko mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, na ukiukwangua unatoka vipande. Chai ilikuwa na ngozi juu. Mimi nikanywa chai yangu. Nilikuwa na mambo ya maana zaidi ya sabuni, ndivyo nilivyofikiri, kwa sababu nilikuwa nimetoka Machakos kununua maharagwe mapya kwa wakulima wenyewe, shambani, na nilikuwa nimeweka kila nilichokuwa nacho ndani ya yale magunia.

Yule mama wa githeri alichukua madebe yake siku ile ile niliyorudi. Kesho yake alasiri akaja kibandani, na mikono yake bado ina masizi.

"Mzee, haya maharagwe uliyafukua kwa kaburi la nani?"

Nilidhani ni utani wetu. Nikamjibu kitu cha kipuuzi. Hakucheka. Alisema amewasha moto tangu alfajiri mpaka watoto wakatoka shule, makaa yameisha, na maharagwe bado yanalia ndani ya sufuria kama kokoto. Mteja wake mmoja, fundi wa mawe, alikuwa ametema punje kwenye kiganja, akaiangalia, akamuuliza kama siku hizi anapikia watu kifusi. Watu walicheka, na yeye ndiye aliyechekwa.

Nikaingiza mkono kwenye gunia, nikatoa punje ya chini, nikaiuma mbele yake. Ilikuwa mpya. Nikamwambia, maharagwe haya yalikuwa shambani mvua ilipoisha. Akasema meno yangu na maneno yangu ni ya mtu mmoja.

Siku zilizofuata walikuja na wengine. Wote walisema hilo hilo. Halafu likatoka lile neno ambalo katika biashara yetu ni baya kuliko mwizi: kuchanganya. Wako wauzaji wanaochukua maharagwe ya zamani yaliyolala ghalani, wakayapaka mafuta kidogo yang'ae, wakayachanganya na mapya. Ya zamani hayaivi hata uyapikie moto wa jehanamu. Wakasema nimechanganya. Mwingine akasema ameona chupa ya mafuta chini ya meza yangu. Chupa ilikuwepo, ya mafuta ya taa, ya kuwashia jiko langu.

Walihamia kwa muuzaji mwingine upande wa pili wa soko. Yake nayo hayakuiva. Unadhani walisema ni nini? Walisema sisi wote tunachukua mahali pamoja. Hakuna hata mmoja aliyefikiria maji. Nami sikufikiria. Watu waliokaa muda mrefu wakiomba maji hawayaangalii vibaya yanapofika.

Akina mama wengine wakaongeza magadi, na githeri ya mtaa ikawa rojo la manjano. Yule mama mkubwa akakataa magadi. Akaongeza makaa. Githeri yake ikatoka mchana umeshapita, bado ngumu, na wateja wake wakaenda kwa wenye rojo, maana tumbo halingoji. Kwa hiyo tulikuwa tunazama pamoja, mimi na yeye, na kila mmoja alikuwa anamwona mwenzake ndiye jiwe.

Nilikaa mbele ya magunia yaliyojaa. Mtu ambaye hajawahi kuuza nafaka hajui uzito wa kukaa hivyo. Maharagwe hayangoji. Dumuzi, yule mdudu wa nafaka, huanza kwa tundu dogo, ukija kuona unga kwenye kiganja chako umeshachelewa. Kama magunia yale yangelala pale mpaka mavuno mengine, kibanda kingekwenda. Na jina lingetangulia kwenda. Ningerudi kufagia chini ya malori, na mgongo wenyewe haukuwa tena ule niliokuja nao.

Dada yangu alikuwa ameolewa Kaloleni, mtaa usio mbali na wetu, mume wake ni mtu wa reli aliyekuwa amestaafu. Jumapili moja tulikuwa twende kuwaona. Mke wangu akaniambia nichote maharagwe ya kupeleka. Nikasema tununue sukari. Akaniangalia.

"Muuza maharagwe anakwenda kwa dada yake na sukari? Watasema nini?"

Nikachota, kutoka kwenye gunia lile lile la maneno. Njia nzima nilikuwa natafuta la kusema yakikataa kuiva.

Dada yangu akabandika tulipofika. Tukakaa tukaongea habari za nyumbani, nani amezaa, nani ameuza ng'ombe, nani anagombana na nani juu ya mpaka. Hatujamaliza habari za mpaka, akatuita kula. Nikatia kijiko mdomoni nikiwa nimejikaza kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Yalikuwa laini. Yalipasuka yenyewe kwenye ulimi. Nikamuuliza umetia magadi? Dada yangu ni Mkamba kama mimi, na pia anajua kukasirika.

"Wewe umeanza lini kunikagua jikoni kwangu?"

Nikaomba sahani nyingine. Sikuwa na njaa. Nilikuwa nataka kuhakikisha. Ndipo nikamweleza shemeji yangu shida yangu yote, na swali lake la kwanza lilikuwa kama siku hizi tunakunywa maji ya kile kisima kipya. Wao Kaloleni walikuwa bado kwenye bomba la zamani. Akasema wakati wa injini za mvuke, wao wa reli walikuwa wanajua maji ya kila stesheni kama mtu anavyojua watoto wake. Yako maji ambayo injini ikiyanywa inaota ukoko tumboni mpaka inakufa. Nikakumbuka birika la mke wangu. Nikaacha kula.

Tulirudi nyumbani na mtungi wa maji ya Kaloleni kwenye mkokoteni wa kukodi, na watu wakatuangalia, maana kupeleka maji kwenye mtaa uliochimbiwa kisima ni kama kupeleka makaa Kitui yanakochomwa. Mke wangu akaweka majiko mawili nje ya mlango. Gunia moja, sufuria mbili, maji mbalimbali. Sina haja ya kulirefusha: moja iliiva na nyingine ikabaki kokoto. Mke wangu akazitazama zote mbili.

"Kwa hiyo sabuni yangu haikuwa na kosa."

Alikuwa na haki ya kusema, na angeweza kusema zaidi.

Asubuhi yake nilichukua mabakuli mawili nikampelekea yule mama wa githeri. Nilidhani nimemaliza. Akaonja hili, akaonja lile, akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa leso.

"Maji ni maji, mzee. Wewe unaniletea mabakuli mawili umeyapika nyumbani kwako, nyuma ya mlango wako. Nitajuaje kila bakuli lilitoka gunia gani?"

Nikamwambia mke wangu ni shahidi. Akasema mke wangu anakula kutoka kwa maharagwe hayo hayo. Kisha akasema jambo ambalo lilinikasirisha wakati ule, na baadaye nikaliona ni la mtu mwenye akili. Alisema, "Wenye maji waseme wao. Wakisema mbele ya watu kwamba ni maji yao, mimi kesho yake niko kwa kibanda chako. Lakini wewe ni muuzaji. Muuzaji atasema chochote."

Basi ikawa hivyo. Sikuhitaji tena kujua. Nilihitaji mwenye maji aseme.

Nikaenda ofisi ya maji. Nilivaa koti langu la kanisani. Nilikaa kwenye benchi pamoja na watu waliokuja kwa mabomba yaliyopasuka, nikatumwa mlango huu, nikatumwa mlango ule, mpaka nikafika kwa kijana mmoja mhandisi, mwembamba, ana heshima. Alisimama akanipa kiti. Namsema vizuri kwa sababu alistahili.

Nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililonishtua. Akasema ndiyo mzee, yale ni maji magumu. Yanapita kwenye mawe huko chini yakichukua chokaa na vitu vingine. Hayaui mtu, yeye mwenyewe anayanywa. Lakini povu yatalikataa, birika yatalipaka, na maharagwe yatachelewa kuiva kwa sababu ile chokaa inashika ngozi ya punje. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili ambacho hata mimi nilikifuata. Nikamuuliza walijua lini.

"Tulipima siku tulipochimba."

"Kwa hiyo mlijua."

"Tulijua, mzee."

Nikamuuliza mbona hawakutwambia. Akacheza na kalamu. Alisema watu walikuwa hawana maji kabisa, na maji magumu ni afadhali kuliko bomba kavu, na hapo hakusema uongo. Alisema wangetangaza, watu wangeogopa wakarudi kuchota mtoni kwenye uchafu. Nikamwambia hilo nalo nalielewa, lakini kati ya kuogopesha mtu na kumnyamazia kuna mahali pa kusimama. Nikamuuliza kazi ya kutuambia ilikuwa ya nani. Akasema si yake, yake ni kupima na kuandika. Ya nani basi? Akainua kalamu akaielekeza juu, kwenye dari. Nikaangalia dari. Kulikuwa na taa moja iliyokufa.

Nikamwomba aje sokoni awaambie akina mama maneno hayo hayo aliyoniambia. Akasema hawezi bila ruhusa. Badala yake akaanza kunielekeza, niwashauri waloweke maharagwe kwa maji ya mvua. Nikamkatiza. Nilimwambia, "Kijana wangu, sikuja kufundishwa kupika. Nimekuja mseme." Akainamisha kichwa. Nikarudi mtaani nikiwa na ukweli mzima kichwani na hakuna hata mtu mmoja wa kunisadiki.

Haukupita muda mrefu, diwani akaitisha mkutano katika ukumbi wa mtaa. Ulikuwa wa takataka na taa za barabarani. Lakini watu wa ofisi ya maji nao waliitwa, wapokee shukrani za kisima, na yule kijana alikuwa amekaa kiti cha mbele, kando ya diwani. Nilipomwona nikajua leo ni leo. Akina mama wa githeri walikuwa wamekaa pamoja kama kwaya.

Muda wa maswali ulipofika nikasimama. Nikasema sina swali la takataka. Nikasema maji tuliyopewa hayaivishi maharagwe, nami nimeitwa mwongo sokoni kwa sababu yake, na nataka wenye maji waseme ni maji gani haya.

Diwani alikuwa mtu wa kuchekesha, ndiyo maana alichaguliwa. Akavuta tai yake.

"Wananchi, mliomba maji. Mmepewa maji. Sasa mzee wetu anataka yenye sukari na maziwa ndani?"

Ukumbi ukacheka. Na yule mama wa Murang'a naye akacheka, nikamwona. Mtu mwingine angekaa chini. Lakini mimi nimechekwa nikiwa chini ya malori, nikifagia, na watu wenye viatu vizuri kuliko vya diwani. Nikangoja wamalize. Kisha sikumjibu yeye. Nikamgeukia yule kijana.

Nikamwambia, "Mimi nikiwa na maharagwe ya zamani, nasema ni ya zamani. Mnunuzi akitaka atachukua, atayaloweka, atajua la kufanya. Lakini kusema ni kazi yangu mimi mwenye gunia. Sikuombi maji mengine leo. Uliyoniambia ofisini, waambie hawa."

Kijana akamtazama diwani. Diwani akawa anaangalia karatasi zake, na kuangalia kwenyewe kulikuwa ni kumwambia usisimame. Sijui kijana alifikiria nini. Labda alikuwa amechoka kunywa maji na kuyanyamazia. Alisimama, akashika mgongo wa kiti chake.

"Mzee anasema kweli. Maji ya kisima ni magumu. Hayana madhara, lakini maharagwe hayaivi vizuri na sabuni inakataa. Tulijua tangu siku ya kuchimba, na tulipaswa kuwaambia."

Akakaa.

Halafu mama mmoja nyuma akasema polepole, kumbe sabuni, na hapo ukumbi mzima ukafunguka. Kila mtu alikuwa na lake. Nywele kama mkonge. Birika. Diaba lenye mstari mweupe. Mtu mmoja alikuwa amemkataza mkewe kununua sabuni duka fulani. Wengine walikuwa wamemwona binti aliyeolewa juzi ni mvivu wa moto, na mama mkwe wake alikuwa pale pale, akitazama viatu vyake. Vijana waliosimama mlangoni wakapaza sauti, "Niaje engineer, kwani maji yenu iko na simiti?" na watu wakacheka tena, safari hii si mimi niliyechekwa.

Ndipo yule mama wa githeri akasimama. Hakunitazama. Akauliza kama bomba la zamani limekufa kabisa. Kijana akajibu kwamba halijafa, maji yake bado huja kidogo asubuhi, ila yanaingia kwenye tangi lile lile na ya kisima, yanakuwa kitu kimoja.

"Kwa hiyo nyinyi ndio mnaochanganya," akasema.

Baada ya kulisema hilo neno, akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Halafu akaendelea na kazi. Akadai bomba moja pale sokoni likatwe kabla ya tangi, lipewe maji ya zamani peke yake, na lipakwe rangi ili mtu ajue anachota nini. Akina mama wakasema ndiyo kwa sauti moja. Diwani akahesabu vichwa vya wapiga kura, nadhani, maana alisema kwamba hilo ndilo wazo alilokuwa nalo tangu mwanzo.

Lilikuja kwa kuvutana. Siku mafundi walipokuja hawakuwa na mabomba, siku mabomba yalipokuja hawakuwa na mafundi. Tulikwenda kwenye ofisi ile tukiwa kundi, na majiko tukawaambia tutayaleta pia kama itabidi tupikie mlangoni. Mwishowe bomba likakatwa, likapakwa buluu, la kupikia. La kisima likabaki na rangi yake ya kutu, la kuoshea sakafu na kukoroga simiti. Halikumaliza shida za maji za mtaa ule. Bomba la buluu nalo lilikuwa na siku zake za kukauka. Lakini mtu alijua anachota nini, na alijua ni nani wa kumuuliza. Yule kijana mhandisi alihamishwa baadaye. Wako wanaosema ni kwa sababu ya siku ile, wako wanaosema ni uhamisho wa kawaida. Mimi sijui, kwa hiyo sisemi.

Mama wa githeri hakungoja bomba la buluu. Alikuja kibandani kesho yake ya mkutano, kama alivyosema angekuja, na alikuwa na mtungi aliochotewa Kaloleni. Hakuniamkia. Aliingiza mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje ya chini kabisa, akaiuma.

"Ni ya lini haya?"

"Ni yale yale."

Akatafuna kidogo, akatema ganda.

"Pima."

Nikampimia debe, likajaa mpaka kilima kikasimama. Hakuomba msamaha, nami sikumdai. Wengine walikuwa wamesimama kando na mifuko yao wakijifanya wanaangalia vitunguu, wakingoja waone. Akamimina, akatikisa mfuko maharagwe yashuke. Hakuufunga. Akaushika mdomo wazi, mikono miwili, macho yake kwenye kiganja changu.

Nikachukua muda wangu. Nikakunja ukingo wa gunia vizuri. Nikapangusa debe kwa kitambaa, ndani na nje, ingawa lilikuwa safi. Naye alingoja, mfuko wazi. Halafu nikaingiza mkono ndani ya gunia, nikaujaza.